Masizi ya Shemeji

Jioni ile nilikwenda kwenye banda la injini nikiwa na chupa tupu ya jamu, kijiko na brashi kuukuu. Saa kumi na moja tu, lakini ulikuwa mwezi wa pili, na kwetu huku Yorkshire giza lilikuwa limeshaanza kuingia. Mvua nyembamba. Magoti yananiuma. Ningekuwa na akili ningebaki nyumbani nikanywa chai yangu.

Lakini nilikuwa na kazi. Mimi kazi yangu ni kuchakaza. Watu huniletea treni za mfano, ndogo, mpya, zinameta, nami nazipulizia rangi kwa kibomba cha hewa, tabaka nyembamba juu ya tabaka, mpaka zionekane zimefanya kazi miaka thelathini. Kutu kwenye magurudumu. Mafuta yaliyovuja. Vumbi juu ya paa, masizi kuzunguka dohani. Wenzangu hunitania kwamba nazipaka sura yangu.

Masizi sinunui. Ya dukani ni meusi tu basi. Masizi ya kweli yana ukahawia kwa ndani, yana kijivu, na huyapati ila uyakwangue kwenye injini yenyewe.

Arnold, mzee anayelitunza banda, alinifungulia mlango.

"Umekuja kuiba uchafu tena, Ellis?"

"Ndiyo mali pekee mliyo nayo humu."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Ungesubiri hata wiki, bwana. Jana tu shemeji yako kapita humo."

"Kapita, kaenda. Si wewe mwenyewe uliyepiga honi?"

"Haya," akasema. "Shauri yako."

Shemeji mwenyewe ni Clifford, mume wa dada yangu Muriel. Alikuwa dereva wa injini ile kwenye reli yetu ya zamani, ya sisi wapenzi wa injini za mvuke, na alifariki baada tu ya mwaka mpya. Desturi ya watu wa reli huku ni hii: dereva akifa akachomwa, majivu yake huwekwa kwenye beleshi la makaa na kutupwa ndani ya moto wa injini yake, kisha injini hupanda mlima ikipiga honi mpaka juu. Wanaume wazima huvua kofia wakalia.

Muriel mwenyewe ndiye aliyeomba. Alisimama pale na koti lake la buluu akamwambia Arnold, "Yote. Hata kijiko kisibaki." Aliporudishiwa kopo lililoleta majivu alichungulia ndani, akalisuuza kwa maji ya bomba, akayamwaga mtaroni. Nikasema moyoni, haya ndiyo mapenzi ya miaka arobaini na moja. Mjinga mimi.

Nikafungua mlango wa duara mbele ya injini, pale masizi yanapotuama kabla ya kupanda dohani. Nikaanza kukwangua. Kwenye masizi mlikuwa na chembe nyeupe nyeupe, ngumu, ndogo kama chumvi. Nikajiambia ni makaa mabaya.

Nilijua? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kurudi nyumbani, na chupa ilikuwa imeshajaa.

Wenzake Clifford walikuwa wamenipa mfano wa injini ile ile, urefu wake kutoka kiwiko hadi vidole, niuchakaze wampe Muriel uwe kumbukumbu. Kesho yake nikaingia chumba cha nyuma, nikawasha kompresa, ile mashine inayosukuma hewa kwenye kibomba, nikapuliza kutu, nikapuliza kijivu. Jioni nikafungua chupa ya masizi.

Peremende.

Zile kali za mnanaa, ambazo Clifford hakukosa mfukoni. Harufu ilijaa chumba, halafu ikapotea. Nikanusa tena chupa... masizi tu. Nikayasaga, nikayapaka kwa brashi laini, nikapuliza kwa mdomo yaliyozidi, nikaenda kulala.

Asubuhi nikakuta mstari. Juu ya paa la kibanda cha dereva, katikati ya vumbi nililolilaza kwa saa nzima, palikuwa na mstari safi, ulionyooka. Upana wa kidole.

Sina mke. Sina paka. Mlango nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa suruali. Nikasema labda niliupitisha mkono mwenyewe kwa uchovu. Nikafuta kazi yote, nikaanza upya.

Asubuhi ya pili mstari ulikuwa mrefu zaidi. Ulitoka kwenye dohani ukaenda mpaka nyuma, polepole, bila kutetereka, kama wa mtu asiye na haraka. Nikafuta tena. Mgongo unawaka moto, macho yanatoka machozi. Nikaanza upya.

Siku ya tatu sikwenda kulala. Nilipomaliza ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, dirisha linaanza kufifia. Nikazima kompresa, nikavuta kiti, nikakaa kuitazama.



Kisha nikasikia pumzi. Kompresa ilikuwa imezimwa, nimeshasema. Pumzi nzito, ya puani, ya mtu mnene aliyeinama kutazama kitu kwa karibu. Na peremende... peremende mpaka kooni.

Krrrr.

Vumbi la paa likaanza kufunguka. Mstari ulikuwa unachorwa mbele ya macho yangu, na aliyeuchora hayupo.

Ulipofika mwisho ukakoma. Palikuwa na kituo kidogo, kama mtu anayekiinua kidole chake na kukitazama.

Mtu mwingine angekimbia. Mimi nina miaka sitini na minane, na kusema kweli nilichohisi kwanza ni hasira. Mara tatu! Nikajaza kibomba vanishi isiyong'aa, ile tunayopulizia mwisho ili vumbi lishike na mkono usiweze kulitoa tena. Nikayarudishia masizi paleee yalipofutwa, nikaipulizia injini nzima. Tabaka tatu. Nikaifungia.

Asubuhi hapakuwa na mstari. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikasema, nimekuweza.

Jumapili nikaibeba kwenda kwa Muriel. Alinifungulia mlango akicheka, ana makombo ya biskuti kifuani. Sijawahi kumwona dada yangu vile. Alikuwa amenenepa kidogo. Magazeti yametapakaa sakafuni, kikombe cha juzi kiko kwenye rafu iliyo juu ya mahali pa moto, na vumbi, jamani, vumbi kila mahali.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Tangu mwaka mpya sijafuta hata meza. Sogeza hayo magazeti ukae."

"Unaumwa, dada?"

"Naumwa! Mdogo wangu, sijawahi kuwa mzima kama sasa."

Alikata keki, akaniuliza habari za magoti yangu, akanicheka soksi zangu. Nikaiweka zawadi mezani, nikafungua karatasi.

Kicheko chake kikakatika.

Hakuigusa. Aliinama akanusa, mara moja tu, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga ukuta.

"Umeipaka nini?" Alikuwa ananong'ona. "Ellis. Umeipaka nini?"

Nikamweleza. Banda, chupa, kijiko. Nilipofika kwenye mstari wa kidole alifumba macho.

"Alikuwa anapitisha kidole," akasema. "Kila jioni. Rafu, meza, juu ya mlango. Kikitoka safi, tunakula. Kikitoka cheusi..." Akaonyesha mahali pa moto. "Anaitoa trei ya majivu, anaimwaga hapa kwenye zulia. Yote. Halafu anakaa kwenye kiti chake anakula peremende, ananiambia, anza upya. Muriel, anza upya. Mpaka saa nane, saa tisa za usiku."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa unakuja Jumapili, unakula keki, unasifu nyumba ilivyo safi."

Nilisifu kweli. Kila Jumapili, miaka yote ile.

"Nilimpitisha motoni aishe," akasema. "Atoke dohani, atawanyike, apotee. Na wewe ukamkusanya kwa kijiko."

Tuliitoa uani, tukaitia kwenye ndoo ya spiriti, tukaisugua kwa miswaki ya zamani. Vanishi yangu nzuri ilikataa kutoka. Tulisugua mpaka vidole vikafa ganzi. Mwishowe ikaanza kuvimba, ikachunika, na masizi yakatoka meusi tii. Muriel aliibeba ndoo mwenyewe mpaka mtaro wa barabarani. Injini ilibaki shaba tupu, inang'aa kama siku iliyotoka kiwandani.

"Kaenda?" akauliza.

"Kaenda, dada."

Akavuta pumzi ndefu. Tukarudi sebuleni, akanimiminia chai, hata akatabasamu kidogo. Ndipo nikakohoa.

Kikohozi kidogo tu, nilikuwa nacho tangu juzi. Nikaweka leso mdomoni. Nilipoitoa ilikuwa na doa jeusi.

Barakoa ninayo. Inaning'inia msumarini kule chumba cha nyuma, sikuivaa kwa sababu miwani inapata ukungu. Siku tatu nilikuwa nikiyasaga masizi yale, nikiyapuliza kwa mdomo, nikiyavuta.

Nikataka kumwambia Muriel. Nikaona ananitazama, lakini si usoni. Anautazama mkono wangu.

Nilikuwa nimesimama kando ya moto. Sikumbuki kunyanyuka kwenye kiti. Kidole changu cha shahada kilikuwa kimefika mwisho wa rafu, na nyuma yake, kwenye vumbi la wiki saba, kulikuwa na mstari safi ulionyooka. Nikakiinua kidole. Nikakitazama. Kilikuwa cheusi.

Mdomoni nilikuwa na ladha ya mnanaa.

"Anza upya," nikasema.

Sauti ilikuwa yangu. Naapa ilikuwa yangu, na naapa si mimi niliyesema.

"Muriel! Muriel, ni mimi. Ni Ellis."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikwenda kabatini, akatoa kitambaa, akapiga magoti mbele ya rafu ya chini akaanza kufuta. Mabega yamepanda hadi masikioni.

"Ndiyo," akawa anasema, bila kunitazama. "Ndiyo, ndiyo, nafuta. Nakaribia kumaliza."

Nikatoka bila koti. Nilitembea kwenye mvua hadi nyumbani, na njia nzima nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili.

Daktari alinipiga picha ya kifua. Alisema ni mapafu ya mzee aliyepaka rangi maisha yake yote, nipumzike, ninywe vitu vya moto. Nilimuuliza kama vumbi lililoingia kifuani huweza kutoka. Akasema mengine hutoka, mengine hukaa. Arnold naye nilimweleza yote pale bandani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema huenda ni majonzi tu, watu hufanya mambo ya ajabu wakiwa na majonzi. Lakini alisimama mbali nami, na chai aliniwekea juu ya pipa badala ya kunipa mkononi.

Kwa Muriel sijaenda tena. Ni dada yangu wa pekee, na mimi ni ndugu yake wa pekee, na njia ya kumsaidia niliyobakiwa nayo ni kukaa mbali. Kibomba nimekiuza. Jioni nakaa na mikono yangu chini ya mapaja.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Nilifurahi mpaka nikashindwa kusema, na labda ndiyo maana aliogopa, kwa sababu alikuwa anasikia pumzi tu.

"Ellis?"

"Ni mimi, dada. Mimi mwenyewe. Siji. Usiwe na wasiwasi, siji huko."

"Sijasema usije," akasema, haraka haraka, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwa kuwa miaka yote ile hakuwa akiniogopa mimi. "Njoo tu. Ila unijulishe siku moja kabla, tafadhali. Nipate muda wa kusafisha."