Gari Lililotajiwa Nelima

Jua lilikuwa linazama Shivachi alipofika Kawangware kwa Gerishon kutazama van ya kununua. Shivachi alikuwa mchomeleaji vyuma wa Lindi, Kibera, na kazi yake ya pili ilikuwa kupeleka maiti Magharibi mwa Kenya: jeneza na jamaa garini, hema na viti kwenye trela nyuma. Gari lake la kwanza lilimfia njiani na jeneza ndani, na wafiwa nusura wamchome. Safari hii hakutaka mzaha.

Akalala chini ya van. Ndoano ya trela ilikuwa imeshikizwa kwenye chesisi, si kwenye bampa. Akanusa oili, akapapasa rejeta. Hakuna kilichovuja. Kisha akavuta mlango wa pembeni. Ukakwaruza reli, kriiii... na harufu ikamgonga puani.

Dawa ya mochari.

"Hii ilikuwa inabeba nini?"

"Umekuja kununua ama kunusa?" Gerishon, mwenye ploti ya kuuzia magari, alijibu bila kumtazama. Mzee huyo alikuwa na roho ya korosho, na hakuficha.

Wakafunga nyuma trela iliyojaa kokoto, wakatoka kuijaribu mlimani, Gerishon kando yake. Van ilivuta kama ng'ombe wa jembe. Katikati ya mlima, ikazima.

Shivachi akawasha. Kimya. Akawasha tena. Kimya... na baridi ikampanda miguuni.

Kila mbeba maiti anajua dawa ya hilo. Gari likigoma, marehemu amekataa; unambembeleza, unamtajia anayemngoja nyumbani. Shivachi hakufikiri. Mazoea yana taabu.

"Twende, ndugu. Tusisumbuane. Nelima anatungoja Lindi."

Nelima alikuwa mkewe. Ndilo jina pekee lililomjia ulimini.

Injini ikanguruma kabla hajagusa ufunguo.

"Umeiambia nini?" Gerishon alinong'ona.

Shivachi akageuza gari, wakarudi kwenye ploti. Waliposhuka, Gerishon alishika geti, akaongea kwa chuki, kana kwamba kosa lote ni la mgeni.

"Ilipewa maiti ya mtu hana watu. Dereva akachoka, akamwacha kichakani, akarudi. Huyo hajafika mpaka leo. Anatafuta mtu wa kumngoja."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuja?"

Shivachi akamtupia ufunguo kifuani, akatoka mbio. Barabarani alimpigia mkewe.

"Nelima, usifungue mlango."

"Nishafungua. Si umenipigia honi?"

"Niko Kawangware."

"Wacha mchezo, Shivachi. Uko hapa juu kwa barabara, nakuona kwa usukani. Mbona umezima mataa?"

Akageuka. Uani kwa Gerishon trela ya kokoto ilisimama peke yake, van haipo. Mbele yake palikuwa na tone moja la oili. Gerishon alikuwa anafunga geti, pole pole, na ufunguo bado ulikuwa mkononi mwake.

"Nelima, huyo si mimi. Rudi nyumbani. Tafadhali, rudi."

"Nishapanda gari. Aki ndani kuna baridi..." Sauti yake ilikuwa imeanza kwenda mbali. "Na hii harufu ni ya nini?"

Shivachi akaita jina lake, mara moja, mara mbili. Aliyejibu alikuwa mwanamume, kwa upole, kwa sauti ya Shivachi mwenyewe.

"Twende. Tusisumbuane."

Kisha akausikia mlango.

Kriiii...