Mfiwa Asiye na Anwani

Elibariki Mmasi alizima VPN kwa dakika tatu tu.

Zilitosha kumuua.

Alikuwa dukani kwake Mtaa wa Aggrey, wateja wanne mbele ya kaunta, akijaribu kutuma picha za makasha ya insulini bandia kwenye ukurasa wa siri wa Idara ya Usalama. VPN ndiyo iliyokuwa ikimficha. Mtu yuko Kariakoo, mtandao unaona anwani ya Oslo. Ubaya wake ni kwamba inapunguza kasi, na picha ile ilikuwa nzito. Ikagoma kupanda. Mteja mmoja akaanza kufoka. Elibariki akazima, picha ikapanda, akauza boksi mbili za glavu, akawasha tena.

Mtu aliyekuwa akiuchungulia ukurasa ule alishaiona anwani ya duka.

Maiti yake iliokotwa Buguruni siku ya tatu, nyuma ya gereji, vidole vimevunjwa kimoja kimoja kwa koleo. Jioni hiyohiyo mkewe, Brightness, akachukuliwa.

Saa tatu asubuhi ya Jumatano simu ya Sitara ilitetemeka.

*Mkaa umekwisha jikoni.*

Kwa lugha ya Idara: kuna mtu atauawa leo.

Sitara alikuwa jasusi kwa miaka kumi na minne. Mwembamba, mpole wa sauti, mtu ambaye ungesimama naye kwenye foleni na usimkumbuke. Hakuwa mtu mwema. Nalisema mapema ili usije ukanilaumu.

Akapiga.

"Sema, mkuu."

"Tumenasa amri," alisema Severine, mkuu wake wa kazi. "'Saa tisa alasiri mmalizeni mwanamke, awe ametaja au hajataja.' Wanataka namba ya siri ya simu ya mumewe. Humo mna majina ya watoa taarifa wengine watano."

"Nani katoa amri?"

"Abdulrazak."

"Yuko wapi?"

"Juzi Oslo. Jana Singapuri. Leo asubuhi São Paulo." Severine akaguna. "Na mwaka mzima hajatia mguu nje ya Dar. Mafundi wangu wanaambulia patupu."

Abdulrazak alikuwa macho ya genge lililowauzia wagonjwa wa kisukari maji ya chumvi ndani ya vichupa vya insulini. Hakuwahi kushika kisu. Kazi yake ilikuwa kuzifichua anwani za wengine na kuificha ya kwake, na aliifanya kwa nidhamu ya kutisha.

"Na lingine," Severine aliendelea. "Mama yake amefariki alfajiri. Bi Maimuna, wa Mtaa wa Sikukuu. Anazikwa Kisutu baada ya Adhuhuri. Nimeshaweka vijana makaburini."

"Watoe."

"Nini?"

"Hatakuja, si mjinga. Ila atataka kuona. Nipe Ignasi na kamera zake."

Saa nne Sitara alikuwa matangani, ndani ya baibui jeusi, amekaa mkekani kati ya kina mama, akilia kwa kipimo. Anuari, mdogo wake Abdulrazak, alipopita kibarazani, Sitara akamfuata.

"Pole sana, kaka yangu."

"Tumeshapoa, dada. Kazi ya Mungu."

"Ndugu wa Maskati na Jidda watamuonaje mama yao? Nina binamu yangu anarusha mazishi mtandaoni. Hataki chochote, anatafuta thawabu."

Anuari akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. "Utakuwa umetusitiri. Maana kuna mmoja… yuko mbali. Ndiye mkubwa wetu. Yeye ndiye alitakiwa kushuka kaburini kumpokea mama."

"Basi mtumieni na yeye," Sitara alisema, akainamisha uso.

Saa saba na nusu gari aina ya Noah nyeusi ilikuwa imeegeshwa Mnazi Mmoja, mahali pa kukimbilia Kariakoo au mjini bila kupoteza dakika. Wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo Sitara aliyasikiliza mazishi sikioni. Askari wawili waliovaa kiraia walikaa nyuma yake.

"Watazamaji kumi na tisa," Ignasi alinong'ona kutoka Kisutu. "Maskati, Jidda, Unguja, Mombasa. Mmoja anaonekana yuko Oslo."

"Ndiye huyo. Mgandishe."

Mtego ulikuwa mwepesi na wa kikatili. Ignasi aliyapanga matangazo hivi: kila aliyejificha nyuma ya VPN, picha inaganda. Asiyejificha anaona kila kitu.

"Jeneza limeingia."

"Oslo?"

"Ameganda. Hajazima."

Dakika tano.

Dakika kumi.

Usifikiri ni jambo dogo. Mtu amekaa mbele ya kioo, mama yake yuko umbali wa kutembea kwa miguu, na anachokiona ni kipande cha jeneza kilichoganda, ukungu na duara linalozunguka. Nusu saa nzima Abdulrazak alivumilia. Hapo hata mimi nilianza kumheshimu.

"Wameshuka watatu kaburini," Ignasi alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua nguvu. "Afande, Anuari anaongea na simu yangu."

Sauti ya kijana aliyechoka kulia ikaingia sikioni mwa Sitara.

"Kaka, kama unatusikia, mama anashuka sasa. Nafasi yako nimeishika mimi. Utusamehe."



"Oslo katoka," Ignasi akasema.

Sitara akaishika simu ya pili.

"Kaingia mwingine. Hana kificho. Anwani ya Bongo, afande. Kariakoo."

Mwanamume wa Kariakoo hatazami mazishi ya Kisutu kwenye kioo. Anafunga duka, anatembea, anagombea kutia bega kwenye jeneza. Wanawake walikuwa matangani. Aliyebaki Kariakoo akitazama alikuwa mtu mmoja tu.

Afisa wa kampuni ya intaneti alikuwa akingoja kwenye simu ya pili.

"Mtaa wa Narung'ombe. Jengo la maduka ya vitenge. Ghorofa ya sita, kushoto."

"Twende," Sitara alisema.

Saa nane na dakika nne.

Noah ilikwama kwenye mikokoteni ya Msimbazi. Sitara akashuka, akaruka nyuma ya bodaboda iliyokuwa ikipita, akaonyesha kidole mbele. Askari walimfuata mbio. Mkononi alikuwa na hotpoti ya pilau ya msibani. Chini ya pilau, ndani ya mfuko wa nailoni, bastola ya Glock 19.

Ghorofa ya sita kijana mmoja wa miraba minne, Lucky, aliziba mlango huku akitafuna karanga.

"Mambo, dada? Umepotea. Huku hakuna duka."

"Poa. Nimeleta chakula cha msiba. Cha kaka mkubwa."

Lucky akasita. Nani wa nyumbani aliyejua kaka mkubwa yuko hapa? Ilimchukua sekunde mbili kulifikiria hilo. Sitara alimpiga hotpoti ya uso, akamkanyaga goti kwa pembeni hadi likalia, akaingiza mkono kwenye pilau, akatoka na bastola.

Akaupiga mlango teke.

Abdulrazak alikuwa amepiga magoti kwenye mswala, kanzu nyeupe, mikono ameikunjua. Mbele yake kompyuta ya Lenovo ThinkPad, na ndani yake kaburi la wazi na watu waliosimama kulizunguka. Pembeni, amefungwa kwenye kiti kwa kamba ya marobota, alikuwa Brightness. Kucha tatu hazikuwepo. Alikuwa hajataja hata jina moja.

"Usitikisike."

Hakutikisika. Hakugeuka hata kumtazama.

"Najua mmefika," alisema. "Nilijua mtakuja nilipozima VPN. Nipe dakika moja, dada yangu. Wakishafukia, nifanyeni mnavyotaka."

Kwenye kioo Anuari alisimama na jembe mkononi. "Kaka, tumeona umeingia. Andika neno, basi. Tufukie?"

Askari walifika wakihema, wakaikata ile kamba. Brightness akajaribu kusimama, akashindwa, akakaa tena. Alimtazama mtu aliyeagiza mumewe auawe.

"Mwache amzike mama yake," alisema.

Sitara akadhani hakusikia vizuri. "Mumeo bado yuko mochwari."

"Najua aliko. Mwache."

Sitara alimshika Abdulrazak ukosi wa kanzu, akamvuta mswalani, akamfunga pingu na kumbana uso sakafuni, upande ambao kioo hakionekani. Kisha akainama na kuandika kwa kidole kimoja.

*Fukieni.*

Udongo ukaanza kuanguka. Chumba kizima kiliusikia. Abdulrazak aliita "Mama!" mara moja, kama mtoto aliyeachwa sokoni, halafu Sitara akaizima sauti.

Angeweza kungoja. Ilikuwa saa nane na robo, mateka yuko salama, hakuna wa kukimbia. Hakungoja kwa sababu hakutaka. Hiyo ndiyo sababu yote, na inanichukiza hadi leo.

"Mkuu," alisema kwenye simu. "Mwanamke yuko hai. Wale watano hawajatajwa. Kompyuta iko wazi, genge zima limo ndani."

"Kazi safi, Sitara."

Akarudisha bastola, akatengeneza mtandio wake, akamnyooshea Brightness mkono.

"Njoo, dada. Yamekwisha."

Brightness aliutazama mkono ule kama alivyoyatazama makoleo ya waliomng'oa kucha.

"Usinishike."

Akajikongoja mwenyewe hadi mlangoni, akashika ukuta kwa vidole vyake vibovu, akaanza kushuka ngazi za ghorofa sita, moja moja. Sitara alimwacha atangulie. Kisha naye akashuka, akavuka Narung'ombe, akapotea kwenye umati akiulizia bei ya vitenge.