Alisema Amechoka

"Rudia ulichosema."

Fundi hakurudia. Alikuwa amebana pini kwa midomo, macho kwenye gauni la bibi harusi ambalo lilikuwa limelala juu ya cherehani bila kuguswa. Mkewe, anayeuza vitambaa chumba cha mbele, alikuwa amesikia vizuri kabisa: nimekuchoka.

Hakusubiri la pili. Alikusanya nguo, akambeba binti yao, akaenda kwa mama yake. Njiani alijumlisha yote: mume hapati usingizi, chakula anakichokoa tu, akiguswa anageukia ukutani. Kumbe ana mtu.

Mama yake hakumpa pole. Alitaka kujua kama amemuuliza mumewe. Hakuwa amemuuliza. Basi analia nini?

Jioni ujumbe wa mumewe ukaingia: "Kesho asubuhi naenda kwa mshauri pale kituo cha afya. Naomba uje. Kwenye simu siwezi."

"Anataka kuniacha mbele ya shahidi, mama."

"Basi vaa vizuri, mwanangu. Kama ni kuachwa, uachwe umependeza."

Akaenda amependeza, roho mkononi, akamkuta mumewe ameshafika. Mshauri, mwanamke wa makamo, alifunga mlango, akaeleza kwamba pale hahukumiwi mtu. Mumewe alikuwa anaugua sonona. Si uvivu wala kudeka. Ni ugonjwa unaokula usingizi, hamu na nguvu, na kuzungumza na mtaalamu ni tiba yake mojawapo. Wengine huhitaji na dawa. Kisha akamgeukia mke.

"Siku ile ulisikia nini, mama?"

"Alisema amenichoka."

Fundi akainua uso. "Nilisema nimechoka."

"Ulisema nimekuchoka."

"Nilikuwa na pini mdomoni, mke wangu. Nimechoka. Kuamka nimechoka, kuoga nimechoka, hata kuongea. Wewe tu ndiye sijakuchoka."

Mke akamsogelea. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Umechoka mpaka kutaka kufa?"

Mshauri akamwachia fundi ajibu.

"Ilifika huko. Ndipo nikaja hapa."

"Nani alikuleta?"

"Nilijileta."

Mtu aliyekuwa hawezi kutoka kitandani mpaka dukani. Mke akamshika mkono, na ndani ya machozi akamwonea fahari.

Alirudi nyumbani siku hiyohiyo. Fundi hakupona kwa mkupuo. Siku nyingine alitoka bubu kwa mshauri, siku nyingine alishona mkono mmoja wa gauni akaishia hapo. Lakini alianza kula, na alipozidiwa alisema.

Kisha siku moja kaka wa fundi akaingia dukani, wateja wamejaa.

"Shemeji, nasikia mwanaume mzima anaenda kulialia kwa mwanamke."

"Anaenda, tena namsindikiza. Wewe ulipovunjika mguu ulikwenda hospitali, au ulijifunga bandeji ya kiburi?"

Wateja wakacheka. Shemeji akapata kazi ya kukagua vitambaa.

Fundi akatokea chumba cha nyuma, shati limepigwa pasi. "Twende, mke wangu, tutachelewa."

Akashika mkono wa mumewe mbele ya wote, akamtupia shemeji ufunguo wa duka.

"Kaa hapa. Mtu akituulizia, mwambie tumeenda kwa mshauri. Na useme kwa sauti, shemeji, usinong'one."