Kuba-Sauti ya Gari la Kwaya

Gari la kwaya lilikuwa likijiendesha lenyewe kuelekea Tukuyu, na ndani yake watu ishirini walikuwa wakiimba bila mmoja kumsikia mwenzake. Juu ya kila kiti palitanda kuba-sauti, ukuta wa hewa usioonekana. Aliyekaa chini yake alisikia kinanda kilichorekodiwa na sauti yake mwenyewe tu, tamu kuliko aliyozaliwa nayo.

Kazi hiyo ilikuwa ya fundi Atuganile, ambaye pia huimba sauti ya pili. Alikaa kiti cha nyuma akiona fahari, akamwomba Mungu amsamehe fahari hiyo, kisha akaiona tena. Gari lilitoka kiwandani na spika nne za milangoni, zinazokoroma kama mtu mwenye mafua, na yeye ndiye aliyeibembeleza kamati azing'oe. Spika mpya alizioanisha na amplifaya kwa makini, maana amplifaya yenye nguvu kupita kiasi huichoma spika, na iliyo dhaifu, ukiilazimisha ipige kelele, huiharibu vilevile. Tena hii ilikuwa na akili: ilisikiliza kila mdomo, ikanyoosha sauti iliyopinda, ikamrudishia mwenyewe sikioni. Juma zima walifanyia mazoezi humo.

Kilomita tano kabla ya kanisa, mwalimu wa kwaya, Mama Tumpe, akasimamisha gari ili wajaribu nje mara moja. Ibada ya jubilei ilikuwa ianze baada ya nusu saa, na wimbo wa kufungulia ulikuwa wao.

Wakajaribu. Sauti ya kwanza ilipanda kilimani, ya tatu ikabaki bondeni, ya pili ikazunguka ikitafuta wa kumfuata. Mbuzi aliyekuwa kando ya barabara aliacha kula.

"Atu," Mama Tumpe alisema taratibu, "umetufungia nini humo garini?"

Atuganile akafungua kumbukumbu za amplifaya. Kwenye kioo, mstari mmoja ulikuwa mwekundu kuliko yote: kiti cha kumi na moja, Mzee Ambakisye, besi. Hapo akaelewa: miaka thelathini sauti ya mzee ilikuwa ikishuka kidogo, na kwaya nzima, bila kujua, ilishuka naye. Sasa mashine imemnyoosha kila mtu peke yake, na nje ya kuba hakuna aliyejua amwegemee nani.

Mzee alikitazama kioo kile, kisha akaanza kufungua vifungo vya joho.

"Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nawapoteza. Nendeni, nitawalindia viatu."

"Viatu tumevaa, Mzee," mmoja akasema, lakini hakuna aliyecheka.

Atuganile akamshika mkono. "Baba, wewe ulitupoteza sote pamoja, na tukafika. Mimi nimempoteza kila mtu na njia yake. Funga joho lako."

Walipopanda tena garini, akazima kuba zote, na spika mpya zikanyamaza nazo, kinanda kikakosa pa kutokea. Bahati yeye si mtu wa kutupa kitu: zile nne za kiwandani zilikuwa bado kwenye boksi chini ya kiti. Amplifaya ingezichoma kwa dakika moja, kwa hiyo akaishusha nguvu mpaka robo, akazirudisha milangoni na kuunganisha nyaya huku gari likitembea. Kinanda kikakoroma. Mzee akaingia na besi yake, wengine wakashuka taratibu mpaka wakamkuta. Mwendo wa kilomita tano, na kila sauti ikawa imerudi nyumbani.

Kanisani waliimba chini kidogo, wote kwa pamoja, na waumini wakasimama.

Wakati wa kurudi, Mama Tumpe aliuliza kama kuba ziwashwe, watu wapumzike. Atuganile alipeleka mkono kwenye kitufe, akasita. Mzee Ambakisye alikuwa amesinzia, anakoroma, na spika ya mlango wake inakoroma naye. Wa sauti ya kwanza walitazamana, wakazuia kicheko, wakashindwa. Kisha mmoja wao akaokota koromo lile, akaanzia wimbo hapo hapo.