Aliyelala Chini ya Kioo

Lilianza kama tatizo dogo. Mashine kubwa ya ofisi ya mawakili ilichapa vizuri na kutoa nakala vizuri, ila ukiskani waraka uende kwenye kompyuta, haufiki. Mashine inasema umetumwa, folda ni tupu. Na kila jaribio liliacha harufu ya matope ya mtoni, ilhali ni kiangazi na madirisha yamefungwa.

Akaitwa Fundi. Alisita mlangoni, kwani mhazili wa ofisi ile alikuwa binti yake wa pekee, na mvua za mwaka uliopita zilimsomba mtoni, yeye na gari alilopanda. Kitini pake sasa alikaa msichana mwingine, mpole, mwenye kikohozi.

"Samahani kukuita huku, baba," alisema yule mhazili mpya.

"Kazi ni kazi, mwanangu. Mashine haina kosa."

Akakagua waya wa mtandao. Mzima. Kompyuta ikaiita mashine, mashine ikaitika. Kisha akaona: mashine bado ilikuwa ikijaribu kuingia kwenye folda kwa jina la binti yake na neno lake la siri, na akaunti ile ilifungwa baada ya mazishi. Akalitazama jina lile kitambo. Akalifuta, akaweka la mhazili mpya.

"Kumbe ni hilo tu," akasema.

Akalaza karatasi nyeupe, akabonyeza. Faili likafika. Mhazili akalifungua, akaziba mdomo kwa mkono.

Kwenye skrini palikuwa na uso uliobanwa kwenye kioo kwa ndani, nywele zimelowa, macho yamefumbwa. Uso wa binti yake.

Fundi akauchomoa waya kwa pupa, na waya ukiwa bado unaning'inia mkononi mwake, taa ya skana ikawaka tena yenyewe, ikatambaa polepole chini ya kifuniko kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa kandili, na kompyuta, ambayo sasa haikuunganishwa na chochote, ikapokea faili la pili. Safari hii macho yalikuwa wazi.

Mtu mwenye akili timamu angepiga kelele. Fundi akamnong'oneza mhazili, "Usimwambie mtu. Nitarudi kesho."

Akarudi, na kesho yake pia. Aliwaambia mawakili kwamba kuna kipuri anakingoja. Walipotoka kwenda kula mchana, aliweka sikio juu ya kioo.

"Baba," sauti ilisema. "Humu kuna baridi."

Akavua koti, akaifunika mashine.

Kikohozi cha mhazili kikazidi. Midomo yake ikapauka, na leso yake ikaanza kupata madoa ya matope. Siku moja akamfuata Fundi pale mashineni, akishikilia meza asianguke.

"Kila ukizungumza naye, mimi nakosa pumzi."

"Nivumilie kidogo tu, mwanangu."

"Baba," akasema msichana, machozi yakimlengalenga, "mimi pia nina baba."

Neno lile lilimchoma hadi kwenye mfupa. Jioni ile ile akamwita mganga, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Alinusa hewa mlangoni mwa ofisi, akakataa kiti.

"Jini la mtoni. Limefuata majonzi yako, likavaa sura ya mwanao kama nguo ya kuazima. Mimi nitaziba njia lisirudi. Kulitoa ni wewe, maana wewe ndiye uliyelikaribisha."

"Na kama ni yeye?"

"Mwanao alikuwa anakuitaje?"

Fundi akainamisha kichwa. Tangu alipojua kusema, binti yule hakuwahi kumwita baba. Alimwita Bisibisi, hata mbele ya mawakili: "Bisibisi wangu huyo anakuja!" Na kitu kile cha chini ya kioo, siku zote hizo, hakikulitamka jina hilo hata mara moja. Alikuwa ameligundua mapema. Hakutaka tu kulijua.

Akafunua kifuniko, akaweka viganja viwili juu ya kioo kilichokuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Mwanangu amekufa," akasema, maneno ambayo ulimi wake ulikuwa umeyakataa tangu siku ya mazishi. "Nilimzika kwa mikono hii. Wewe si yeye. Toka."

Kikalia. Kikalia kwanza kwa sauti ya mwanamke mzima, halafu ya msichana wa shule, halafu ya mtoto aliyeanguka akaumia goti, kikirudi nyuma kwenye miaka yote aliyomlea, na kila sauti ilikuwa ya binti yake kabisa, na kila moja ilimsihi asiondoe mikono, hadi ikabaki ya mtoto mchanga anayelilia kubebwa. Na Fundi akaiondoa mikono.

Kimya. Nyuma yake mhazili akavuta pumzi ndefu, safi.

Asubuhi nyaraka zilifika zote. Wakili mkuu akampongeza, akasema mkono wake una baraka. Fundi akashukuru, akaenda nyumbani, akakaa jikoni bila kuvua viatu.

"Mbona unalia?" mkewe akamuuliza.

Akamsimulia yote, mwanzo hadi mwisho, bila kuficha hata kile kilio. Mkewe alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

Kisha mkewe akauliza, taratibu, bila kumtazama, ofisi ile hufunguliwa saa ngapi.