Ng'ombe wa Mama Akwi

Madinah alimwona Zubairi kwa mara ya kwanza pale mpakani Busia, pikapu yake imeziba njia, malori yanapiga honi nyuma, na yeye ameketi ndani anamenya chungwa. Madinah, ndani ya dera la zambarau, mbele yake mkokoteni wa mitumba, alimmwagia maneno yote aliyokuwa nayo. Zubairi alimsikiliza mpaka mwisho, akampa nusu ya chungwa.

"Kula kwanza, dada. Barabara nafunguka yenyewe."

Ikafunguka kweli. Hasira za Madinah zikabaki hazina kazi, na mapenzi yakaanzia hapo.

Sasa utulivu huohuo ulimchosha roho. Mjomba aliyemlea, upande wa Kenya, alikuwa amesema wazi: Zubairi afike Jumapili kabla ya Magharibi aseme nia yake, la sivyo mchumba wa Bungoma, aliyekwisha kuleta posa, atakubaliwa. Alipopigiwa simu, Zubairi alisema tu, "Nakuja, mpenzi," akaenda zake kijijini Mella, upande wa Uganda, kupakia maharage. Jumapili asubuhi Madinah akavuka mpaka kumfuata mwenyewe, na viatu vyake vya sherehe.

Mvua iliwakuta hukohuko. Kijito kilifurika, kikameza barabara ya kurudi mpakani. Madinah alitazamia mayowe. Watu wa Mella walipandisha kuku darini, wakainua magodoro, wakachimba mtaro, kisha wakaketi barazani kuchoma mahindi. Ungedhani ni sikukuu.

"Mnangoja nini?" aliuliza.

"Ng'ombe yangu," alijibu Mama Akwi, mwenye nyumba, akimwonyesha jike mweusi aliyesimama ukingoni. "Kila siku anavuka hapa. Yeye akikataa, sisi pia nakataa. Kaa, mwanangu."

Yaani ndoa yake ingoje ng'ombe! Madinah alishindwa kuvumilia. Akakunja dera, akaingia majini. Hatua chache tu mkondo ukamvua kiatu, ukamzoa miguu. Kabla hajapiga kelele, mkono wa Zubairi ulikuwa umeshamshika. Alikuwa kifua wazi, miguu mitupu.

"Ulivua shati saa ngapi?" Madinah aliuliza walipotoka, meno yakimgongana.

"Mvua ilipoanza. Nakujua wewe. Nilijua utaingia tu."

Ndipo Madinah alipogundua kwamba wakati wote ule watu walipokuwa wakila mahindi barazani, Zubairi hakuketi hata kidogo. Aliona aibu, na alimpenda mpaka kifua kikamuuma.

Zubairi akampigia mjomba. Hakujitetea. "Mzee, maji imefunga njia. Nachelewa, lakini naleta Madinah mzima." Mjomba akasema waje tu, atawangoja.

Alasiri ng'ombe alinusa maji, akaingia, yakamfika magotini tu. Watu wakainuka, wakajikung'uta, wakamfuata. Zubairi alivuka akiwa amebeba kiatu kimoja cha sherehe.

Walifika Magharibi imepita. Mjomba alimsikiliza Zubairi, kisha akamgeukia Madinah: je, anamkubali? Nyumba nzima ilimjua binti huyu. Walitegemea ajibu kabla swali halijaisha. Madinah akajimiminia chai. Akatia sukari. Akakoroga.

"Madinah," Zubairi alisema, jasho likimtiririka, "sema basi. Fanya haraka."

"Kaa," alisema Madinah. "Maji napungua yenyewe."

Akanywa chai yake yote, akaweka kikombe chini, ndipo akasema ndiyo.