Kitabu cha Reijo, Jina la Aila

Nyinyi mnaowapa ndugu zenu namba zenu za kodi na za benki kwa simu moja tu, kaeni niwasimulie yaliyomkuta Aila Kivelä wa Thunder Bay, Kanada.

Aila alikuwa na amani yake, ingawa miguu haikumbeba tena. Alipangishwa nyumba ya serikali kwa pango dogo, na posho yake ya ulemavu ndiyo iliyomlipa Noreen, mhudumu wake. Kila asubuhi Noreen alimwogesha, akamweka dirishani na kahawa na mkate wa iliki, wakaanza kuwasengenya majirani.

Mdogo wake, Reijo, alihamia Meksiko, akawa anaandika riwaya za upelelezi na kuzichapisha mwenyewe mtandaoni. Kampuni iliyoziuza ilitaka kujua analipa kodi nchi gani. Reijo hakuwa analipa popote, maana huu ulikuwa mwaka wa sita anaishi kwa kibali cha mtalii. Wakanada wenzake wa mkahawani wakamwambia asijisumbue, aandike jina la ndugu wa nyumbani, wote ndivyo wanavyofanya.

Akampigia dada yake, akamwomba jina na namba zake.

"Haitaniletea matatizo?" Aila aliuliza.

"Matatizo gani, dada? Utakuwa mwandishi bila kushika kalamu."

Aila akacheka, akampa namba zote. Yeye ndiye aliyemlea Reijo mama yao alipofariki. Angemnyimaje?

Miaka mitatu mrabaha, yaani malipo ya mwandishi kwa kila kitabu kinachouzwa, uliingia kwa Aila, naye akamtumia Reijo wote, hata hela ya stempu hakukata. Kisha ikaja barua ya ofisi ya posho. Kwa karatasi zao, Aila Kivelä alikuwa mwandishi wa vitabu saba, tena aliyeficha kipato. Posho ikasimamishwa, pango likapanda, na posho ya nyuma yote akatakiwa airudishe.

Alimsihi Reijo awaandikie kwamba vitabu ni vyake yeye Reijo.

"Nikiandika, wataniuliza kodi yangu nalipa wapi," Reijo akasema. "Wewe ni mgonjwa, dada. Watakuhurumia."

Hawakumhurumia, jamani. Siku ya mwisho Noreen alimwosha nywele polepole, ingawa hakuna aliyemlipa. Aila alikuwa anapelekwa kwenye makao ya wagonjwa, mwendo wa saa nne, chumba cha watu watatu. Kabla gari halijafika, akamwomba Noreen amfungulie kompyuta. Akaunti ya kuuzia vitabu ilikuwa kwa jina lake, kwa hiyo akaviondoa sokoni vitabu vyote saba.

Simu ikalia jioni ileile.

"Umeniua, dada. Vile ni vitabu vyangu."

"Njoo basi uwaambie hivyo," Aila akasema.

Reijo hakuja.

Funzo

Reijo hakumwibia dada yake hata senti. Alikimbia karatasi tu, na dada yake akapoteza nyumba. Mwandishi uliye ugenini, pokea mrabaha kwa jina lako, ulipe kodi unapoishi, na ukiwa hujui, muulize mtu wa kodi, hao wa mkahawani hawatakuwepo barua ikifika. Nawe unayeombwa jina, soma kwanza karatasi linakoandikwa. Ofisini hawamjui ndugu yako. Wanakujua wewe.